Kula mimea tu: uache vyote siku moja, uende kwa hatua, au uanzie jikoni kwako?

Anayetaka kuacha nyama, samaki, mayai na maziwa ana njia tatu mbele yake, na wengi huishika ile ya kwanza kuwajia kichwani bila kuzipima. Kuna kuacha vyote kwa mkupuo. Kuna kupunguza kwa hatua, aina moja baada ya nyingine, kwa miezi miwili au mitatu. Na kuna kupika mimea mitupu nyumbani, huku ugenini ukila kwa masharti uliyojiwekea mapema. Zote zinaweza kukufikisha. Tofauti yake iko tumboni, mfukoni, na katika idadi ya mara utakazolazimika kumkatalia mtu chakula alichokupikia.

Tuseme mapema tunachoamini. Mkupuo unamfaa anayeishi peke yake, anayejipikia, na ambaye maharage au choroko tayari ni chakula chake cha kila siku. Hatua ndiyo njia salama kwa mwili wa mtu aliyezoea kitoweo cha nyama au dagaa. Na kwa anayekula sinia moja na familia, mwenye wakwe, majirani na misiba ya kuhudhuria, njia ya tatu ndiyo tunayoona inadumu, mradi masharti yake yawe yameandikwa na si ya kubuni kila sahani inapoletwa.

Tumbo na ratiba

Mkupuo una faida moja kubwa: hakuna kubishana na nafsi kila mlo. Kasoro yake hujitokeza siku ya tatu au ya nne, pale tumbo lililozoea maharage mara mbili kwa wiki linapopewa maharage mchana na mbaazi usiku. Vyakula vya jamii ya kunde vina sukari ambazo utumbo wetu hauwezi kuzisaga. Bakteria wa utumbo mpana ndio huzila, na wakizila hutoa gesi. Gesi hiyo hupungua kadiri tumbo linavyozoea, na kwa wengi ni wiki mbili tatu. Aliyeacha vyote siku moja hupata gesi, njaa na uchovu kwa pamoja, kisha husema mwili umekataa. Mara nyingi kilichotokea ni kwamba ameondoa nyama kwenye sahani bila kuweka kitu mahali pake, akabaki na wali na mchicha.

Njia ya hatua huanza kwa kuongeza, si kwa kuondoa. Wiki mbili za kwanza usiache chochote. Kula nusu kikombe cha maharage, choroko (Kenya wanaziita ndengu) au adesi kila siku, kisha panda hadi kikombe kizima. Loweka maharage kwa muda wa saa 8 hadi 12, mwaga yale maji, osha, chemsha kwa maji mapya. Kuloweka hupunguza gesi na kuokoa mkaa: maharage yasiyolowekwa yanaweza kukaa jikoni saa mbili na zaidi, yaliyolowekwa saa moja hadi moja na nusu, na kwenye sufuria ya presha dakika 25 hadi 40. Wanaotia magadi ili yaive haraka wajue kwamba magadi huharibu vitamini B1, na kwa anayetegemea maharage hiyo ni hasara ya kweli. Afadhali kuloweka.

Maharage mekundu yana tahadhari yake. Yakiwa mabichi yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuharisha vibaya, na huvunjwa na mchemko mkali wa walau dakika 10. Sufuria iliyoachwa juu ya makaa hafifu, maji yakiwa ya moto tu bila kutokota, haivunji sumu hiyo hata baada ya saa nyingi. Tokosha kwanza, ndipo upunguze moto.

Baada ya hizo wiki mbili ndipo uanze kuondoa. Uanze na nini? Inategemea kilichokusukuma. Kama ni ardhi, maji na hewa, anza na nyama ya ng'ombe, kwa kuwa ng'ombe hula malisho mengi na hucheua gesi ya methani. Kama ni mateso ya wanyama, anza na kuku wa kisasa na mayai ya vizimba. Ng'ombe mmoja hulisha mtaa mzima. Kuku wa nyama huchinjwa akiwa na wiki tano au sita, na familia humaliza mmoja kwa mlo. Upande wa mayai kuna jambo lisiloonekana sokoni: vifaranga madume wa kuku wa mayai kwa kawaida huuawa mara tu wanapoanguliwa, kwa kuwa hawatagi wala hawanenepi haraka. Maziwa nayo yana ndama wake. Ng'ombe hatoi maziwa bila kuzaa, na ndama dume wa ng'ombe wa maziwa hana kazi kwa mfugaji ila kuuzwa.

Dagaa tungewaacha wa mwisho, na hapa maadili na lishe vinavutana kweli. Ukihesabu roho, kikombe cha dagaa kina viumbe wengi kuliko chakula kingine chochote cha soko letu. Ukihesabu virutubisho, dagaa huliwa mzima na mifupa yake: ana kalsiamu, chuma, protini na vitamini B12, kwa bei ya mtu wa chini. Kuwaondoa kabla hujapata mbadala wa hayo yote ni kujenga pengo ambalo hulioni kwa mwaka mzima.

B12: hapa njia zote tatu ni moja

Hakuna mmea wa kawaida unaokupa vitamini B12 ya kutosha. Mchicha hauna, karanga hazina, mlonge hauna. Spirulina (unga wa mwani) inayouzwa kama tiba ya kila kitu ina umbo la B12 ambalo mwili hauwezi kulitumia. Mtu mzima anahitaji takriban maikrogramu 2.4 kwa siku, lakini kidonge hakifyonzwi chote, ndiyo maana Vegan Society, jumuiya ya wala mimea tu ya Uingereza, hushauri kidonge cha maikrogramu 10 kila siku, au 2,000 mara moja kwa wiki.

Ini huhifadhi akiba ya miaka kadhaa. Hiyo ndiyo hatari yenyewe: mtu hujisikia vizuri mwaka wa kwanza na wa pili, akaamini kwamba hahitaji kidonge. Kisha huja ganzi ya vidole vya miguu, kusahausahau, uchovu, ulimi kuuma. Na kuna mtego mwingine. Mla mimea hupata foleti (vitamini B9) nyingi kutoka kwenye maharage na mboga za majani, na foleti huweza kuficha dalili ya upungufu wa damu huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika. Ukipata ganzi, mweleze daktari waziwazi kwamba huli chochote cha mnyama.

Kwenye duka la dawa usiseme tu "nipe B complex". Geuza chupa usome: baadhi hazina B12, nyingine zina kiasi kidogo mno. Vile vidonge vya neva vyenye B1, B6 na B12 kwa pamoja si vya kumeza kila siku miaka na miaka, kwa sababu B6 nyingi ya muda mrefu nayo huharibu neva. Unayetumia metformin ya kisukari, au omeprazole ya asidi ya tumbo kwa muda mrefu, dawa hizo hushusha B12 zenyewe, hivyo pima. Vidonge vya chuma na foliki ambavyo wajawazito hupewa kliniki havina B12.

Unga wa viwandani uliorutubishwa, Tanzania na Kenya, huongezwa B12 pamoja na chuma na zinki. Unga wa mashine ya mtaani hauna. Tumia wa lebo kama nyongeza, si kama tegemeo.

Wa njia ya tatu hujidanganya hapa kirahisi: "Ugenini nakula samaki mara mojamoja." Mara mojamoja haitoshi. Kidonge ni kwa wote.

Protini: pima kwa kilo, si kwa sura

Mtu wa kilo 60 anahitaji gramu 48 za protini kwa siku, na kwa mla mimea ni vizuri kulenga 60. Vikombe viwili vya maharage yaliyoiva ni gramu 30. Ugali wa unga gramu 150 ni 12. Konzi ya karanga, gramu 30, ni 7 au 8. Mboga za majani na kipande cha mkate hujaza zilizobaki. Si lazima mahindi na maharage viwe sahani moja, ila viwe siku moja, maana kila kimoja kina kinachopungua kwa mwenzake. Makande yalishamaliza hesabu hiyo zamani.

Bei hubadilika kila msimu, kwa hiyo fanya ulinganisho mwenyewe sokoni. Kilo ya maharage makavu ina protini takriban gramu 220, sawa na kilo ya nyama ya ng'ombe isiyo na mfupa, ambayo ni kama 200. Ya mchanganyiko na mifupa ni pungufu. Karanga ni 250. Soya kavu ni 360, na vile vipande vya soya vinavyouzwa kama nyama hufika 500. Trei la mayai 30 lina kama 180. Lita ya maziwa ya ng'ombe ni 33 tu. Gawanya bei kwa gramu, utaona ni nini hasa unachokinunua.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni kuchagua mbadala kwa jinsi unavyofanana na nyama. Fenesi bichi lililopikwa na viungo hukatika nyuzi kama nyama, na uyoga una ladha nzito ya kuridhisha, lakini vyote viwili vina gramu mbili tatu tu za protini kwa kila gramu 100. Anayeweka fenesi mahali pa nyama kila siku atashinda na njaa bila kujua sababu. Fenesi ni mboga tamu. Likae pamoja na maharage, lisiyaondoe.

Vipande vya soya vina kinyume cha shida hiyo: protini tele, watu wakavikimbia kwa harufu. Vimwagie maji yanayochemka, subiri dakika 10 hadi 15, kamua kwa mikono miwili hadi maji yatoke yote, suuza, kamua tena. Ndipo uvikaange na kitunguu, thomu, tangawizi na nyanya. Visipokamuliwa hubeba maji yale ya harufu, na viungo havipati pa kuingilia.

Kwa mwenye mkaa kidogo, adesi huiva kwa dakika 15 hadi 20 na choroko kwa 30 hadi 40, bila kulowekwa. Njugu mawe ni tamu na zina protini nzuri, ila loweka usiku kucha na ujiandae kwa saa mbili au tatu za moto.

Chuma cha mimea hufyonzwa kwa taabu. Kamulia ndimu juu ya maharage, au kula na embe au pilipili hoho mbichi, na chai ngoja saa moja baada ya mlo. Hili la chai peke yake hubadilisha mambo kuliko kununua mbegu za bei ghali. Kwa kalsiamu, sukuma wiki inaushinda mchicha: mchicha unayo, lakini oksalati yake huishika isifyonzwe. Ufuta usiokobolewa nao husaidia, vijiko viwili vya chakula kwa siku, usagwe, kwa sababu punje nzima hupita tumboni kama zilivyoingia.

Neno moja zito juu ya karanga na mahindi. Anayekula mimea tu huvitegemea kuliko wengine, na vyote viwili hushikwa na sumukuvu vikihifadhiwa na unyevu. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa mahindi yenye sumu hiyo. Kupika hakuiondoi. Nunua karanga nzima badala ya zilizosagwa tayari, chambua zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu, na ukitafuna ikawa chungu, tema.

Maziwa: kipi badala yake

Hapa ndipo wengi huvunjika, kwa sababu ya chai. Kiasi kilichoonyeshwa ni kwa kikombe cha mililita 250.

| Aina | Protini | Kalsiamu | Kwenye chai |
|---|---|---|---|
| Ya ng'ombe | gramu 8 | miligramu 300 | Kama ulivyozoea |
| Soya ya nyumbani | gramu 6–8 | ndogo | Nzuri, ila huweza kukatika |
| Karanga au korosho | gramu 4–5 | ndogo sana | Nzito, ladha ya njugu |
| Tui jepesi la nazi | gramu 1–2 | karibu hakuna | Tamu, mafuta huelea juu |
| Lozi ya boksi kutoka nje | gramu 1 | kama imeongezwa, hadi 300 | Nyepesi, bei kubwa |

Boksi la lozi ndilo watu wa mjini hulikimbilia, na ndilo chaguo dhaifu kuliko yote kwa pesa yake: maji mengi, lozi chache, safari ya meli. Tui ni zuri kwa mapishi, lakini si mbadala wa maziwa kilishe, na mtoto asipewe kama maziwa.

Soya ndiyo tunayoipendekeza. Loweka gramu 200 za soya kavu usiku kucha, sugua maganda yatoke, mwaga maji. Saga kwenye blenda na maji ya moto jumla lita 1.4, kidogokidogo, kisha chuja kwa kitambaa safi na ukamue. Ichemshe kwa dakika 15 hadi 20 ukikoroga chini ya sufuria. Povu hupanda upesi, mtu akadhani imechemka, akaepua. Povu hilo hutangulia mchemko wenyewe. Soya isiyochemka sawasawa ina kizuizi cha usagaji wa protini, na huumiza tumbo. Tumia sufuria kubwa, punguza moto povu linapopanda, na hesabu dakika kuanzia maji yanapotokota kweli. Chumvi kidogo sana na iliki hupunguza ile ladha ya maharage. Kwenye friji hukaa siku tatu. Makapi usitupe, changanya kwenye kachori au katlesi za viazi.

Ili isikatike kwenye chai, chemsha majani na tangawizi peke yake kwanza. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya cha kukata maziwa, na mchemko hukiua. Pasha soya pembeni, epua chai, ndipo uvichanganye. Ukizichemsha pamoja kwa moto mkali utapata mabonge.

Ugenini: mahali njia ya tatu inaposhinda

Mapishi ya pwani yana vya mimea vingi kuliko watu wanavyodhani. Mbaazi za nazi, mihogo ya nazi, kisamvu, magimbi ya futari, vitumbua vya mchele na tui, maandazi na mahamri yaliyokandwa kwa tui: vyote havina mnyama. Urojo wa Unguja, ukisema usiwekewe mshikaki na yai, unabaki na viazi, bhajia, kachori na ule uji wa embe na ndimu. Bara uliza zaidi, kwa kuwa maandazi mara nyingi ni ya maziwa. Mashariki mwa Kongo na Burundi sombe, yaani kisamvu cha kwao, mara nyingi huja na samaki mkavu ndani yake, na ni vigumu kumtenga.

Harusini, pilau na biriani si jambo moja. Pilau hupikwa pamoja na nyama na supu yake, kila punje imeinywa. Kutoa vipande pembeni hakuifanyi kuwa chakula cha mimea. Biriani ya kwetu hupikwa masala mbali na wali mbali, hukutana wakati wa kupakua. Ukimwahi mpakuaji, unaweza kupata wali mtupu na kachumbari, uwe tu tayari kwa samli. Aliyechagua mkupuo atakula kabla ya kwenda na kushika soda. Wa njia ya tatu ataamua mapema kama samli iko ndani ya masharti yake. Tunaona inaweza kuwepo harusini na isiwepo nyumbani, bila aibu.

Kwa mama ntilie usiulize "kuna nyama humu?" Utajibiwa hapana kwa moyo safi, na maharage yakawa yameungwa kwa mchuzi wa ng'ombe. Uliza hivi: "Mama, haya maharage umeyaunga na nini? Umetia supu?" Kwenye chipsi uliza mafuta: karai moja hukaanga viazi asubuhi na kuku jioni. Mikahawa ya Kihindi isiyopika nyama, kama ile ya Kisutu jijini Dar es Salaam, inakupa uhakika kwamba hakuna nyama, lakini si kwamba hakuna maziwa. Dengu nyingi humaliziwa kwa samli juu, na paneer, jibini ya Kihindi, ni maziwa. Sema "bila samli, bila mtindi" unapoagiza, si sahani ikishafika. Mikahawa ya Kihabeshi Nairobi ndiyo rahisi kuliko yote, hasa Jumatano na Ijumaa, siku ambazo Waorthodoksi wa Ethiopia hufunga vitu vyote vya mnyama: omba sahani ya mfungo, na mpishi anajua bila maelezo. Baadhi ya Wasabato hawali nyama, na mitaani kwao ndiko mara nyingi utakapopata soya nzuri.

Ukweni au kwa bibi, hotuba juu ya ng'ombe haina nafasi. Amkia, kaa, na chakula kikija sema: "Mama, nyama nimeacha kuila, lakini haya maharage niongeze, na mchuzi wa nazi pia." Kuomba kuongezewa kitu huondoa ule ubaridi wa kukataa. Bora zaidi, piga simu siku moja kabla, ili asimchinje kuku kwa ajili yako. Akishachinjwa kwa heshima yako, hakuna jibu lisilo na gharama. Wapo wanaokula kidogo kwa sababu mnyama ameshakufa na moyo wa bibi uko hai. Wapo wanaokataa kwa upole. Ya kwanza hatuioni kuwa unafiki, ila ikirudiwa kila mwezi, jua kwamba simu haikupigwa. Kuku wa zawadi aliye hai ni rahisi zaidi: mpokee kwa mikono miwili, ondoka naye, mfuge.

Idd el-Hajj nayo huulizwa sana. Nyama ya udhiya hugawiwa, na wahitaji wapo. Kutoila wewe hakuzuii wao kula. Linalobaki ni dhamiri yako juu ya kuchinja kwenyewe, na hilo ulijadili na mwalimu wako wa dini, si na watu wa mitandaoni.

Mapatano ya kila siku

Vegan Society, jumuiya iliyoanzisha jina vegani (asiyetumia cha mnyama), Uingereza mwaka 1944, leo hueleza msimamo wake kuwa ni kuepuka kuwatumia wanyama kadiri inavyowezekana na kutekelezeka. Maneno hayo ndiyo yanayowapa watu pumzi, na ndiyo yanayotumiwa vibaya na asiyetaka kujisumbua. Tunashauri kugawa mambo kwa uzito: pesa yako inanunua mnyama mpya, au inamaliza kilichokwishapatikana?

Viatu vya ngozi unavyo tayari: vivae hadi viishe. Vya plastiki hupasuka baada ya msimu na kuishia mtaroni. Jozi inayofuata ndiyo ya kuamua. Mboga za samadi: kula, anayekataa samadi atakula za mbolea ya kiwandani, na kwa mkulima mdogo samadi ndiyo rutuba pekee. Asali ni mapatano ambayo wengi huyakubali kwa sababu mizinga hulinda misitu, ingawa kwa maana kali ya uvegani haimo. Sukari ya miwa ipo, kwa hiyo kuiacha asali si mateso. Mafuta: alizeti ya Singida au mawese ya wakulima wadogo wa Kigoma ni bora kuliko mawese ya meli kutoka mashamba makubwa yaliyofyeka misitu ya Asia. Korosho ni mmea, lakini ganda lake lina mafuta yanayounguza ngozi, na wabanguaji wasiopewa glavu huumia mikono. Nunua kwa kikundi unachokijua kikiwezekana. Mla mimea asiyejali mkono uliobangua korosho amesahau upande mmoja wa jambo lenyewe.

Sufuria ya familia ni pambano la kweli. Mke au mume anayepika nyama ya watoto kwenye jiko hilohilo hajakukosea. Kubalianeni mambo mawili: kitoweo kipikwe mbali na msingi wa chakula, yaani wali, mboga na maharage visitiwe supu, na mwiko wa nyama usiingie kwenye maharage. Hilo halimgharimu mtu, na nyumba nyingi hujikuta zinapika nyama mara chache bila mtu kulazimishwa. Mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe kwenye mimea mitupu bila mtaalamu wa lishe kumfuatilia uzito na damu, na mama anayenyonyesha asikose B12 hata wiki moja, kwa sababu maziwa yake ndiyo akiba ya mtoto. Kwa Mmaasai wa Longido au Mturkana, ambao ardhi yao huotesha nyasi kuliko maharage, hatuna la kuwadai.

Mwisho ni dawa. Chanjo ya homa ya manjano hukuzwa kwenye kiinitete cha kuku, na kapsuli nyingi ni za jeletini ya ng'ombe au nguruwe. Chanjo uchomwe, haina mbadala, na ugonjwa unaua. Kwa kapsuli, muulize mfamasia kama dawa ileile ipo ya kidonge au ya maji, swali ambalo wamelizoea kutoka kwa wateja Waislamu wanaouliza juu ya nguruwe. Usifungue kapsuli ukamwaga unga wake kwenye uji kabla ya kumuuliza, kwa sababu baadhi zimetengenezwa zipite tumboni zikiwa nzima na kuyeyukia kwenye utumbo.